Mwaka wa 00: Jinsi Jiji la Los Angeles Lilivyojipanga, na Funzo Lake kwa Pesa Zako

Ushawahi kupata ile meseji yetu ya jioni: "Mfumo utafanyiwa marekebisho leo kuanzia saa sita usiku"? Tunajua inaudhi. Pengine uko stendi, nauli yote iko kwa simu, na simu imekataa. Leo tunataka kukueleza kwa nini tunafanya hivyo, na hadithi yenyewe inaanzia mbali kidogo: Los Angeles, Marekani, mwaka wa 1999.

Shida ya tarakimu mbili

Zamani nafasi ya kuhifadhi data kwenye kompyuta ilikuwa ndogo na ghali. Kwa hivyo watengenezaji wa programu waliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu: 1975 ikawa 75. Wengi hawakudhani programu hizo zingedumu hadi mwaka wa 2000. Zikadumu.

Sasa kompyuta ikiona 00, itasoma 2000 au 1900? Ikisoma 1900, bili ya juzi inaonekana imechelewa miaka 100. Si mzaha. Mwanzoni mwa Januari 2000, mteja wa duka moja la kukodisha video katika jimbo la New York alidaiwa zaidi ya dola 91,000 kwa kanda moja, kwa sababu kompyuta iliona ameikalia karne nzima.

Kanjo yenye kazi nyingi

Kwa Los Angeles, hatari ilikuwa kubwa kuliko kanda ya video. Serikali ya jiji hilo, chini ya meya Richard Riordan, ilikuwa na idara yake ya maji na umeme, bandari, uwanja wa ndege, polisi, zimamoto na mitambo ya majitaka, yote kwa watu zaidi ya milioni 3.5. Kila idara na kompyuta zake.

Hatua zilizofuatwa na serikali nyingi za Marekani wakati huo zilikuwa rahisi kueleza, ngumu kufanya: orodhesha kila mtambo unaosoma tarehe, ukague, urekebishe, ujaribu, kisha uwe na mpango mwingine endapo yote yatagoma.

Hiyo hatua ya kujaribu ndiyo iliyowatoa jasho. Juni 1999 walifanya jaribio kwenye mtambo wa majitaka eneo la Van Nuys, wakijifanya umeme umepotea. Lango moja likafungika, majitaka yakakosa njia, na mamilioni ya lita yakamwagika kwenye bustani ya umma. Aibu kubwa, na harufu yake pia.

Lakini fikiria hivi: lango hilo lingejulikana lini kama si siku hiyo? Pengine siku umeme umepotea kweli, na hakuna mtu aliyejiandaa.

Usiku wenyewe

31 Desemba ikafika, saa sita ikapita. Taa ziliendelea kuwaka, maji yakaendelea kutoka. Asubuhi watu wakaanza kuuliza: si hela zimetupwa bure? Mjadala huo haujaisha, kwa sababu hata nchi ambazo hazikujiandaa sana hazikupata balaa kubwa. Sisi tunaona hivi: askari wa usiku akifanya kazi vizuri, unaamka ukidhani hakukuwa na mwizi.

Na tarehe bado hukwamisha watu. Januari 2020, mashine za kulipia maegesho New York zilikataa kadi kwa sababu programu ya malipo ilikuwa imewekewa tarehe ya mwisho, na haikusogezwa kwa wakati. Mafundi walilazimika kuzunguka mashine moja baada ya nyingine. Waliookoka ni waliokuwa na sarafu mfukoni au app ya jiji kwa simu. Yaani, waliokuwa na njia ya pili.

Matapeli nao hawakulala

Mwaka huohuo wa 1999, mamlaka za Marekani zilionya watu kuhusu simu za ajabu: "Tunarekebisha kompyuta za benki, tupe namba ya akaunti tuhakikishe pesa zako ziko salama." Unaisikia sauti hiyo? Ni yule yule anayekupigia leo akisema laini yako itafungwa usipompa PIN. Kila mfumo unapofanyiwa kazi, yeye pia anaingia kazini.

Kwa hivyo, ukipata meseji yetu ya marekebisho:

1. Toa au lipa mapema. Bakisha pesa taslimu kidogo, angalau nauli na chakula cha jioni.
2. Malipo yakikwama, usirudie papo hapo. Angalia salio kwanza, kisha subiri meseji ya kuthibitisha. Wengi hulipa mara mbili hapa.
3. Usifute meseji za malipo. Namba ya muamala ndiyo risiti yako ukitupigia.
4. Usimpe mtu yeyote PIN. Sisi hatutawahi kukuuliza, marekebisho yawepo yasiwepo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Usiku ukilala, sisi tunaziba ufa. Tuvumilie hayo masaa machache, na asubuhi ukikuta kila kitu kiko sawa, ujue hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu.