Koi wa kwanza: Mnunuzi atazame mwili kabla ya rangi

OKTOBA 2018, katika mnada uliofanyika Hiroshima, Japani, koi mmoja jike mwenye urefu wa sentimita 101 aliuzwa kwa yeni milioni 203, ambazo kwa viwango vya wakati huo zilikuwa karibu dola milioni 1.8 za Marekani. Bei ya namna hiyo inaweza kumshawishi mwenye bwawa dogo nyuma ya nyumba kwamba samaki huyu wa mapambo ni mali, na kwamba akinunuliwa mdogo kwa bei nafuu atapanda thamani kadiri anavyokua. Kwa anayeanza, hesabu hiyo haisimami.

Chanzo cha koi ni samaki mweusi wa maji baridi aliyefugwa kwa chakula katika vijiji vya milimani vya Niigata, kwenye mashamba ya mpunga. Katika karne ya 19 wakulima walianza kuwachagua wale waliozaliwa na mabaka ya rangi, na maonyesho ya Tokyo ya mwaka 1914 yakawatangaza nchi nzima. Hadi leo aina tatu ndizo zinazotawala mashindano na bei: Kohaku, mweupe mwenye mabaka mekundu, Sanke, ambaye huongezewa madoa meusi, na Showa, ambaye weusi wake huzunguka mwili hadi kichwani.

Hizo tatu ndizo mnunuzi mpya huzikimbilia, na ndizo ngumu kuliko zote kuzipima. Jike mmoja hutaga mayai laki kadhaa. Vifaranga huchambuliwa mara kadhaa tangu wakiwa na wiki chache tu, na walio wengi huondolewa. Wanaoonyesha dalili za kufika mbali mfugaji hubaki nao. Kwa hiyo koi wa chini ya mwaka mmoja anayefika sokoni kwa bei ya rejareja, mara nyingi ni yule ambaye mwenye jicho la kazi amekwisha kuamua kumwachia. Wekundu wake unaweza kupasuka au kufifia, na weusi wa Sanke na Showa huzama na kuibuka kwa miaka. Kumlipia ziada kwa sababu ya mabaka ya leo ni sawa na kununua hisa kwa kutazama jalada la taarifa ya mwaka.

Mwili haudanganyi hivyo. Koi hutazamwa kutoka juu: mgongo ulionyooka, mabega mapana, mkia ulioanza kwa unene, na mwendo usioegemea upande. Anayejitenga chini huku amebana mapezi, anayehema juu ya maji, au anayejikwaruza ukutani, aachwe hata kama muuzaji anapunguza bei. Beseni la buluu ambalo wauzaji hulitumia lina sababu yake, kwani hukoleza rangi. Mnunuzi aombe samaki awekwe pia kwenye mfuko wa plastiki unaopenya mwanga ili aone tumbo, mdomo na matamvua.

Mwanzo salama zaidi ni koi wa rangi moja. Ogon wa manjano au wa fedha hana mabaka ya kuharibika, na kasoro yake huonekana mara moja. Chagoi, wa rangi ya kahawia, hudharauliwa kwa sura, lakini hukua haraka na huzoea kulishwa kwa mkono kabla ya wengine, jambo linalowatuliza wenzake.

Hata hivyo, samaki ni gharama ndogo katika leja hii. Koi hufikia sentimita 60 na zaidi, hivyo bwawa lenye chini ya lita 4,000 na kina pungufu ya mita moja litamlemea mwenyewe mapema. Kuna pampu, umeme, chakula, na dawa ya kuondoa klorini kwa wanaotumia maji ya bomba. Chujio nalo huhitaji wiki kadhaa kabla bakteria wake hawajaweza kumaliza amonia inayotokana na kinyesi. Anayetia samaki kumi siku ya kwanza huwazika wiki ya tatu. Wawili au watatu wanatosha.

Wapo wanunuzi wa mbali wanaolipia koi na kumwacha kwa mfugaji Japani akue msimu mzima kwenye bwawa la udongo, utaratibu uitwao azukari. Ni uwekezaji wa kweli, na hatari yake ni ya kweli vilevile. Tetemeko la Oktoba 23, 2004 liliikumba Yamakoshi, kitovu cha ufugaji huo, likapasua mabwawa, na wanakijiji wakahamishwa kwa helikopta huku samaki wengi wakipotea. Mkataba unapaswa kueleza nani anabeba hasara samaki akifa.

Hasara iliyo karibu zaidi na bwawa la nyumbani ni virusi vya herpesi vya koi, vilivyotambuliwa mwaka 1998 na kuthibitishwa Japani mwaka 2003. Havina tiba, huua sehemu kubwa ya samaki bwawani, na huchachamaa maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 25 za Selsiasi. Koi aliyenusurika anaweza kubaki mbebaji, asionyeshe dalili yoyote siku ya kuuzwa. Ndiyo maana kuchanganya samaki wa wauzaji wawili kwa wakati mmoja ni kosa la gharama kubwa. Kila mgeni akae kwenye tangi lake la pembeni, lenye chujio lake na wavu wake, kwa wiki tatu hadi nne, maji yakiwa karibu nyuzi 24, kiwango ambacho ugonjwa ukiwapo hujitokeza. Tangi hilo linunuliwe kabla ya samaki.