Digrii ya Utumishi: Je, Penzi Litahimili?

Mwezi huu tuongee jambo linalosumbua nyumba nyingi za vijana kimya kimya. Mmoja anataka kurudi shule, mwingine anahofia kuachwa. Na kozi ninayoulizwa sana ni Menejimenti ya Rasilimali Watu, ile ambayo wengi tunaiita tu utumishi.

Kuna mke na mume ninaowafahamu wanaoishi Kolandoto, kwenye barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza. Ukitaja Kolandoto watu wanakumbuka hospitali ya AICT na chuo chake cha afya. Lakini jirani kuna almasi za Mwadui, upande wa Kahama kuna dhahabu ya Bulyanhulu, na mbele zaidi Geita. Wauguzi, madereva, walinzi, wachimbaji: wote hao wana mikataba, likizo na mafao, na lazima awepo mtu wa kuvisimamia.

Mke ni karani, kazi yake kubwa ni kuandika mahudhurio. Mume ni dereva wa zamu migodini, wiki kadhaa hayupo nyumbani. Wana mtoto wa miaka miwili. Mke alitaka kwenda Mzumbe kusomea utumishi. Mume akagoma. Alipobanwa, akataja hofu mbili: ada, na wale wanaume wa chuoni wenye maneno matamu. Kina kaka, tuseme ukweli, hiyo ya pili ndiyo ilikuwa kubwa!

Kwani wanasoma nini?

Wengi wanadhani utumishi ni kazi ya mtu mcheshi anayependa watu. Ucheshi unasaidia, lakini chuoni utakutana na sheria, takwimu, mipango ya mishahara, namna ya kuajiri na kupima utendaji. Chukua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Baba anapata siku zisizopungua 3. Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Afisa asiyejua haya anaweza kuikosesha familia nzima haki yake.

Kanda ile mambo haya si nadharia. Mwaka 2017, baada ya serikali kuzuia makinikia kwenda nje, Bulyanhulu ulipunguza shughuli na wafanyakazi. Buzwagi, ulioanza uzalishaji 2009, ulifungwa 2021. Kazi zinapopunguzwa, sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kwanza. Mwenye sifa analipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Mtu wa utumishi ndiye anayekaa mezani na yule baba anayewaza ada ya watoto.

Na hapo ndipo mume yule alipolegea. Mkataba wake mwenyewe ulikuwa unakaribia kwisha, na pale kazini hakuna aliyemweleza anastahili nini. Akamletea mkewe karatasi. Mke, pamoja na miaka yote ya kukaa ofisini, hakuweza kumjibu. Usiku ule waliongea vizuri kwa mara ya kwanza.

Njia si moja

Mzumbe, ambayo hadi 2001 ilikuwa chuo cha IDM, ina jina kubwa katika fani hii. Lakini iko Morogoro, na maisha ya bwenini yana mambo yake: bumu linachelewa, madesa hayatoshi, ukizembea unakula sapu au unadisko kabisa. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Kwa asiyeweza kuhama kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na chenye kituo Shinyanga. Unasoma huku unafanya kazi, ila hakuna wa kukuamsha, nidhamu ni yako mwenyewe.

Kabla ya kujaza fomu

Ketini wawili, simu pembeni. Andikeni gharama zote: ada, nauli, vitabu, na yule dada wa kulea mtoto. Mkiutaka mkopo wa Bodi ya Mikopo, kumbukeni akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hilo litakuwa deni la nyumba, si la mmoja. Kubalianeni saa za kupigiana simu, na simu iwe ya kusalimiana, si ya kupekuana. Mafunzo kwa vitendo pia yapangeni mapema, maana yanaweza kumpeleka mbali. Na msidanganyane kwamba cheti kinakuja na ajira mkononi. Wenye digrii hiyo ni wengi, na anayeijua sheria na hesabu vizuri ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi.

Wale wa Kolandoto walichagua Chuo Kikuu Huria. Wiki za mitihani mtoto anakwenda kwa bibi yake. Mume bado ana wivu, hasa na kile kikundi cha majadiliano cha Jumamosi, lakini akiwa likizo ndiye anayempeleka mkewe kituoni kwa pikipiki. Mkataba wake ulipokwisha, waliusoma pamoja ukurasa kwa ukurasa kabla hajasaini mpya.

Je, wewe na mwenzio mngeamua vipi? Ongeeni leo, kabla dirisha la maombi halijafungwa. Kila la heri!