Mwinuko wa Treni, Raha ya Baiskeli

Ukimwuliza mtu kwa nini haendi kutembea nchi ya milima kwa baiskeli, atakutajia kilomita. Lakini kilomita peke yake si adui mkubwa. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaweza kwenda kilomita 40 au 50 kwa siku kwenye njia tambarare, na jioni akala chakula chake kwa hamu. Kinachomshinda ni vilima, na kinachomtia hofu ni magari. Njia za kijani, yaani njia zilizotengwa kwa ajili ya baiskeli na waenda kwa miguu bila magari, zimeyapunguza yote mawili kwa pamoja. Sababu ni kwamba nyingi kati yake, hasa Ulaya na Marekani, zilianza maisha yake kama reli.

Treni ni mashine yenye nguvu nyingi lakini isiyojua kupanda. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huzunguka kwa ukinzani mdogo na hukamata kidogo sana. Ndiyo maana treni huvuta mzigo mkubwa kwa nishati ndogo penye tambarare, na ndiyo maana pia huteleza ikipewa mlima mkali. Kwa hiyo wahandisi wa reli hujitahidi mwinuko usizidi asilimia 2 hivi, yaani mita 2 za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda. Wakikuta kilima, hukizunguka au hukitoboa. Wakikuta bonde, hulijengea daraja au hulijaza tuta. Reli ikifa na mataruma yakiondolewa, kazi hiyo yote hubaki, na anayekuja kuifaidi ni mpanda baiskeli.

Faida hiyo inapimika. Chukua mtu na baiskeli yake pamoja na mizigo, jumla kilo 100, anayekwenda kilomita 10 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 2 anahitaji wati 85 hivi, ukijumlisha mkwaruzo wa ardhi na upepo. Kwenye barabara ya kijijini yenye mwinuko wa asilimia 8, mwendo uleule unadai wati 250 hivi. Sasa mtu asiye mwanamichezo huweza kutoa kati ya wati 75 na 100 kwa saa kadhaa mfululizo. Maana yake ni kwamba kwenye reli ya zamani anapanda mlima huku akizungumza na mwenzake, na kwenye ile barabara atashuka asukume kabla ya kona ya pili.

Mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi uko kusini mwa Hispania, kwenye Vía Verde de la Sierra, kilomita 36 kati ya miji ya Puerto Serrano na Olvera huko Andalusia. Reli yake ilianza kujengwa miaka ya 1920 ili kuunganisha Jerez na Almargen. Mahandaki yakachimbwa, madaraja yakasimama, vituo vikajengwa. Kisha fedha na siasa vikaharibika, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia, na mradi ukaachwa. Hakuna treni iliyowahi kupita kubeba abiria. Leo ukanda huo una mahandaki 30 na madaraja makubwa manne, na wanaoutumia ni waendesha baiskeli, watembea kwa miguu na wapanda farasi.

Njia hupita katikati ya mashamba ya mizeituni na kando ya mito, huku vijiji vyenye nyumba nyeupe vikionekana juu ya vilima. Anayekwenda kwa gari huviona vijiji hivyo kutoka barabara inayopinda na kupanda. Wa baiskeli anavipita chini, bondeni, kwa sababu reli ilifuata maji. Karibu na Olvera kuna mwamba mkubwa wa chokaa, Peñón de Zaframagón, hifadhi inayojulikana kwa kundi lake kubwa la tumbusi. Ndege hawa, wenye mabawa ya karibu mita mbili na nusu yakinyooshwa, husubiri jua lipashe mwamba, kisha hupanda na hewa ya moto bila kupiga bawa. Ukifika asubuhi na mapema utawakuta wametulia mwambani. Saa nne au tano wako angani.

Mahandaki ndiyo mahali mgeni anapokosea. Nje jua ni kali na macho yamezoea mwanga mweupe. Unaingia ndani na ghafla huoni hata usukani wako. Macho huhitaji dakika kadhaa kuzoea giza, na kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa dakika moja ni mita 250. Mahandaki marefu yamefungwa taa, lakini taa za ukutani huweza kuzimika, na waenda kwa miguu nao wako humo. Desturi nzuri ni kupunguza mwendo kabla ya mlango, kuvua miwani ya jua, kuwasha taa ya mbele na ya nyuma, na kushika upande wa kulia. Ndani ni baridi, na mahali pengine maji hudondoka kutoka juu. Jaketi jepesi liwe mahali pa kufikiwa bila kufungua mzigo mzima.

Pamoja na wepesi wake, njia ya kijani inataka mpango. Jambo la kwanza kutazama kwenye ramani ni mchoro wa miinuko, kisha ndipo urefu. Great Allegheny Passage nchini Marekani, kilomita 240 kati ya Pittsburgh na Cumberland, inafundisha hilo vizuri. Kutoka Cumberland unapanda zaidi ya mita 500 ndani ya kilomita 38 hivi, hadi kwenye mgawanyo wa maji wenye mwinuko wa mita 729 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Pittsburgh kupanda huko kumegawanywa kwa kilomita 200, kiasi kwamba hutambui unapanda. Njia ni ileile. Anayeianza upande huu na anayeianza upande ule wana siku za kwanza zisizofanana hata kidogo. Huko Andalusia nako, mwenye kwenda na kurudi siku moja hufanya vizuri kuanzia Puerto Serrano, apande asubuhi akiwa na nguvu, na arudi kwa mteremko jioni. Jua la Andalusia mwezi wa saba na wa nane halina mchezo. Majira mazuri ni machipuo na vuli.

Mwinuko mdogo una hila yake pia. Asilimia 2 jicho huiona tambarare. Unakanyaga pedeli, mwendo unashuka, unaanza kushuku breki zimeshika au tairi lina pancha. Ukigeuka kutazama ulikotoka ndipo unaona umepanda. Badili gia mapema, acha miguu izunguke upesi bila kulazimisha, na usishindane na saa. Kitu kingine ni kwamba reli haina mapumziko: barabara ya kawaida hupanda ikashuka, miguu ikapumzika, lakini reli inaweza kupanda kilomita 20 bila kukupa mteremko mmoja. Panga kusimama kila saa, hata kama hujachoka, unywe maji na ule kidogo.

Kuhusu baiskeli, nyingi ya njia hizi zina changarawe iliyoshindiliwa, na chache zina lami. Tairi jembamba la mashindano litazama na kukutikisa. Tairi la upana wa milimita 35 hadi 45, lisilojazwa upepo hadi kuwa gumu kama jiwe, hukamata vizuri na kulainisha safari. Mizigo iwekwe kwenye mifuko ya pembeni mwa keria, pande zote mbili uzito sawa, vizito vikiwa chini. Anayebeba begi mgongoni hulijutia jioni. Chukua tyubu ya akiba, viraka na solusheni, pampu, na spana chache, kwa sababu kati ya kituo na kituo hakuna fundi baiskeli chini ya mwembe. Baadhi ya vituo vya zamani vimegeuzwa migahawa na nyumba za kulala wageni, lakini hakikisha siku na saa za kufungua kabla ya kuvitegemea.

Hispania ilipoanzisha mpango wake wa Vías Verdes, yaani njia za kijani, mwaka 1993, ilikuwa na zaidi ya kilomita 7,600 za reli zisizopitisha treni. Uingereza ilikuwa imetangulia: njia ya kilomita 21 kati ya Bristol na Bath ilijengwa juu ya reli iliyofungwa, kazi ikianza mwaka 1979 na kukamilika 1986. Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 1983 inayoruhusu reli iliyoachwa itumike kama njia ya watu huku ukanda wake ukihifadhiwa, endapo treni itahitajika tena. Nchi hizi zilibakiza kitu kigumu kuliko vyote kukinunua upya: ukanda mmoja usiokatika. Ukishauza mita 100 za katikati kwa ajili ya ghala au nyumba, mahandaki na madaraja ya pande mbili hayaendi popote.

Afrika Mashariki nayo ina reli zilizokufa. Ile ya kusini mwa Tanzania, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Si kila tuta la zamani linafaa kuwa njia ya matembezi, na penye uwezekano wa treni kurudi ni heri treni irudi. Lakini uamuzi wa kwanza si wa lami wala wa mikahawa, maana hivyo vinaweza kuongezwa hata baada ya miongo kadhaa, kama ilivyokuwa kwa reli ile ya Andalusia isiyowahi kubeba abiria. Uamuzi wa kwanza ni wa kutokatakata ardhi yake.