Jina moja, nafaka mbalimbali

Ndugu wakulima, mkiagiza mbegu ku koperative ya mbali, mwandike jina la aina, siyo jina la kijiji tu. Jina linafuata shamba. Waslavi wa zamani, huko Ulaya ya mashariki, walikuwa na neno žito. Lilitoka kwa žiti, ni kusema kuishi: kile chenye kulisha watu. Walipotawanyika, kila upande waliita hivyo nafaka waliyoitegemea. Leo kwa Poland, Ucheki na Ukraine, iko nafaka ndugu ya ngano, yenye kuvumilia baridi na udongo mubaya. Kaskazini ya Urusi ni shayiri. Waserbia wanaita hivyo nafaka yoyote, ao ngano yenyewe, hata ile ya kuchemsha na sukari wanayokula sikukuu ya mtakatifu wa jamaa.