Juu ya nini mashini zinazoongea hazisikii vizuri Kiswahili chetu

"Mutoto haiko na homa." "Mutoto iko na homa." Kati ya sentensi hizi mbili kuna tofauti ya silabi moja tu, "ha". Muuguzi wa Uvira ao wa Butembo anaisikia bila shida, hata mama akiongea haraka, hata kuku wakilia nyuma yake. Mashini ya simu inaweza kuipoteza, na jibu litakalotoka halitakuwa tena la yule mtoto.

Watafiti wanaotengeneza programu za kuongea na watu kwa sauti wanapima kazi yao kwa kuhesabu maneno yaliyokosewa kati ya maneno 100. Hesabu hiyo inafaa, lakini inaficha jambo. Mashini ikikosa neno moja tu, inaonekana imefaulu. Kama neno lenyewe ni "haiko", ao ni bei ya gunia la mihogo, aliyepiga simu hakusaidiwa kitu.

Makosa yanaanzia kwenye masomo. Mashini inajifunza kwa kusikilizishwa sauti nyingi sana zilizorekodiwa, pamoja na maandishi yake. Programu Whisper, iliyotolewa na kampuni OpenAI ya Marekani katika 2022, ilifundishwa kwa masaa 680 000 ya sauti. Karibu theluthi mbili zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili kilipata sehemu ndogo sana. Tena Kiswahili cha Bukavu ao Bunia si kile cha vitabu. Mtu anasema "mutu", anahesabu franka kwa Kifaransa, anachanganya: "Docteur alinipa rendez-vous ya lundi, lakini sina transport." Kwetu hiyo ni sentensi moja ya kawaida. Mashini iliyozoea lugha moja kwa wakati mmoja inatafuta "rendez-vous" kati ya maneno ya Kiswahili, na inaleta neno lolote linalofanana.

Shida hii haiko ya Kongo peke yake. Katika 2020, watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walijaribu programu za Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft kwa sauti za Wamarekani. Kwa Wazungu zilikosa karibu maneno 19 kati ya 100, kwa Weusi karibu 35. Na wote walikuwa wanaongea Kiingereza.

Kuna pia suala la kupeana zamu. Watu wakiongea, kati ya anayemaliza na anayejibu inapita mara nyingi kama sehemu ya tano ya sekunde. Mashini inangoja kimya ili ijue umemaliza. Ikingoja kidogo, inamkatiza mzee anayetafuta neno. Ikingoja sana, mtu anasema "Allô? Allô?" akifikiri rezo imekatika, na kwetu mara nyingi ana haki.

Dawa moja ni kumrudilia mtu alichosema: "Nimesikia mtoto hana homa. Ni kweli?" Ikifanywa kwa kila neno inachosha na inakula uniti. Inafaa ibaki kwa mambo ya hatari, kama kipimo cha dawa, pesa, ndiyo na hapana. Na mashini ikishindwa mara mbili, impitishe mtu kwa mtu.

Dawa nyingine ni sauti zetu zenyewe. Mradi Common Voice wa Mozilla, ulioanza 2017, unapokea sauti za watu wanaojitolea, Kiswahili kikiwemo. Katika mradi TICO-19 wa 2020, Kiswahili cha Kongo kilihesabiwa peke yake, mbali na kile kingine, lakini yale yalikuwa maandishi tu juu ya Covid.

Sauti lakini inamtambulisha mwenyewe. Mkaaji wa Kivu ao Ituri anayekataa kurekodiwa kwa sababu ya usalama hana ujinga. Kabla ya kukubali, ana haki ya kuuliza: sauti itawekwa wapi, nani ataisikiliza, na akibadili mawazo itafutwa namna gani?