Bao likihamia kwenye simu, nyumba inabaki ya nani?

KYELA kuna mechi haina refa, haina VAR wala dakika za nyongeza. Inapigwa kwenye benchi chini ya mwembe, wachezaji wawili tu, na nyuma yao limesimama jukwaa zima linalotoa maelekezo kama makocha kumi wa timu moja. Mashimo ni 32, kete 64, na ubishi hauna hesabu.

Hilo ndilo bao. Kwenye mwambao huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, bao ni mchezo wa mtu anayesubiri: anayesubiri meli bandarini, anayesubiri kakao ikauke, anayesubiri mvua ikatike, na mvua ya Kyela ikiamua kunyesha huwa haina haraka ya kuondoka. Ukisikia kelele kijiweni usikimbilie kudhani Simba kafungwa au Yanga kasawazisha. Huenda kuna mtu kavunjiwa nyumba.

Siku hizi kelele hizo zina mshindani. Kijana ameinamia simu, kidole kinagusa kioo, na mwenzake anajua anaangalia msimamo wa ligi. Kumbe anacheza bao. Ubao umechorwa kwenye kioo, kete zinasambaa zenyewe, na mpinzani ni mashine isiyochoka, isiyokohoa wala kuomba moto wa sigara.

Bao limetengenezwa upya, na maoni yamegawanyika kama jukwaa la dabi.

Wapenzi wa soka wameshaumwa na nyoka huyu

Mashabiki wa mpira wanajua vizuri maumivu ya kubadilishiwa mchezo. Septemba 30, 2021, kampuni ya Konami ya Japani iliachia eFootball, gemu iliyochukua nafasi ya PES, ile iliyokuwa ikijaza vibanda vya gemu miaka na miaka. Sura za wachezaji zilichekesha dunia nzima, mpira ulikwenda unavyotaka wenyewe, na kampuni ikalazimika kuomba radhi. Marekebisho makubwa yalikuja Aprili 2022. Waliokuwa wameapa kutocheza kitu kingine zaidi ya PES waliondoka na kinyongo.

Upande wa michezo ya zamu kwa zamu, ambako unasogeza vikosi vyako kisha unamwachia mpinzani asogeze vyake, kuna Advance Wars ya Nintendo. Ya kwanza ilitoka 2001, ya pili 2003. Zote mbili zikatengenezwa upya kwa pamoja, zikacheleweshwa baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kwa kuwa kutoa gemu ya vita wakati huo kulionekana hakufai, na hatimaye zikaingia sokoni Aprili 2023.

Mabishano yake yalifanana sana na ya benchi la Kyela. Wapo waliolalamika kuwa wanajeshi wamegeuzwa kama midoli. Wapo waliofurahi kwamba sheria na hesabu za mchezo wa zamani zimebaki. Na kikaja kitufe cha kurudisha zamu: umekosea, unaifuta hatua yako na kuanza upya. Kwa mgeni hicho ni msaada. Kwa mkongwe, ni sawa na kumruhusu mpiga penalti arudie kwa sababu mguu uliteleza.

Bao lina nini cha kupoteza?

Asiyelijua bao anaweza kusema ni kokwa tu zinazohamishwa kutoka shimo moja kwenda jingine. Mwache aketi.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji anamiliki safu mbili. Anaanza na kete sita kwenye nyumba, lile shimo kubwa la safu ya mbele, kete mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Kipindi cha kwanza ni namua: unaingiza kete moja moja kutoka mkononi, na ukiweza kula ni lazima ule, hutaki unataka. Kete ulizokula zinaingia upande wako, zinasambazwa kuanzia kichwa cha safu, na zikiishia pazuri unakula tena. Kete za mkononi zikiisha kinaingia kipindi cha pili, mtaji, na hapo kila kitu kinatoka ubaoni.

Hatua ikiishia kwenye shimo tupu, umelala, zamu inahama. Kyela, ambako salamu yenyewe ni "ugonile", yaani umelalaje, neno hilo lina utani wake kwa aliyelala mapema. Safu ya mbele ya mpinzani ikibaki tupu, hamna, mechi imekwisha.

Utamu wote uko kwenye nyumba. Mwenye nyumba anaweza kuilinda na kulimbikiza kete, kama timu inayokaa nyuma ikisubiri shambulizi moja la kushtukiza. Siku akiamua kuisafirisha, kete zinamwagika ubao mzima na mechi inageuka kwa pumzi moja. Akichelewa, mpinzani anaila yote. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa kimya muda mrefu huku jukwaa likipiga kelele. Anahesabu kete zitafika wapi, zitakula nini, na mwenzake atajibu vipi.

Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa mchezo huu. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt aliona uzito wake kiasi cha kuandika tasnifu nzima ya udaktari, iliyotoka 1995, kuhusu ubingwa wa bao, akiwategemea mabingwa wa Zanzibar.

Wanaolikubali bao la simu

Hoja yao ya kwanza ni rahisi: bora kijana acheze bao kwenye simu kuliko asicheze kabisa. Si kila mtoto ana ujasiri wa kupiga shikamoo na kuketi mbele ya mzee aliyeanza kucheza kabla baba yake hajazaliwa. Akikosea benchini, jukwaa zima linamcheka na kesho harudi. Mashine haimcheki.

Ya pili, programu iliyotengenezwa vizuri inafundisha sheria bila upendeleo. Ukitakiwa kula, inakulazimisha ule. Haina mjomba wala shabiki wa upande wowote.

Ya tatu ni umbali. Kuvuka Mto Songwe kuingia Malawi mchezo huo unaitwa bawo, na kule una wakali wake. Pwani na Visiwani kuna wakali wengine. Anayeishi Matema, ziwa mbele na Milima ya Livingstone nyuma, hawezi kupanda basi hadi Dar es Salaam na boti hadi Unguja kwa ajili ya mechi moja. Kwa simu na bando, umbali huo unaweza kuisha kwa dakika.

Wanaolikataa

Wanaolikataa nao hawasemi kwa sababu ya uzee tu. Wanasema bao ni kichwa. Benchini unashika kete mwenyewe, unasambaza mwenyewe na unahesabu kimoyomoyo. Simu inakusambazia, na nyingine zinakuandikia kabisa idadi ya kete kwenye kila shimo. Ni kama kocha anayepewa kikosi cha mpinzani na mpango wake wa mchezo kabla ya mechi. Atashinda, lakini amejifunza nini?

Halafu kuna kile kitufe cha kurudi nyuma. Bao linafundisha kuishi na uamuzi wako. Kete zikishasambaa na kuchanganyika na nyingine, hakuna wa kuzirudisha zilipokuwa. Mzee aliyepoteza nyumba yake saa kumi atacheza hadi magharibi bila nyumba, na wakati mwingine atashinda hivyohivyo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo jukwaa hukaa kimya na kutazama.

Hoja nzito kuliko zote inahusu sheria. Ukitafuta mchezo wa kete kwenye simu, mara nyingi utakutana na ubao wa safu mbili zenye mashimo sita sita. Huo ni mchezo wa ukoo mmoja na bao, lakini si bao: hauna namua, hauna mtaji, hauna nyumba. Kijana akianza na huo akaamini ndio bao lenyewe, ni sawa na aliyefundishwa soka bila kuotea.

Na kuliingiza bao halisi kwenye kompyuta si kazi ndogo. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, walilifanyia kazi suala hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuna mpangilio wa kete ambao hatua moja inaweza kuzunguka ubao bila kufika mwisho. Binadamu wawili watatazamana, watacheka na kukubaliana. Mashine lazima iambiwe mapema la kufanya, na anayeiambia ni mwandishi wa programu ambaye pengine hajawahi kukaa benchini.

Nani anaandika sheria?

Hapo ndipo penye mechi yenyewe. Sheria za bao hazikukaa kwenye kitabu cha shirikisho, zimekaa vichwani mwa watu. Mzee mmoja akiondoka, anaondoka na ujuzi wake wa lini nyumba ilindwe na lini isafirishwe. Programu itakayowahi kusambaa kwenye simu za vijana ndiyo itakayogeuka kitabu cha sheria, iwe imeandikwa vizuri au vibaya. Mtoto wa Ipinda atakapobishana na babu yake miaka kumi ijayo atatoa simu mfukoni, na simu ndiyo itakayoaminiwa.

Kwa hiyo wanaolikataa bao la simu wana sababu ya kulikaribia zaidi kuliko kulikimbia. Kioo hakina ubaya, rangi hazina ubaya, hata muziki wa nyuma unavumilika. Kinachohitaji ulinzi ni namua, mtaji na nyumba, na wa kuvilinda ni wale wanaovijua: wakae na kijana mwenye simu, wacheze naye mechi moja, wamwonyeshe wapi mashine imepatia na wapi imekosea. Wachezaji wa kulipwa nao wana viwanja vya mazoezi, lakini hakuna anayepewa kombe mazoezini. Simu iwe mazoezi, benchi liwe mechi.

Na mechi ya benchi haijaisha. Jioni ikiingia, joto la Kyela likipungua, ubao unatolewa ndani, kete zinagawanywa, kila mmoja anafumba zake 22 mkononi. Kijana anaweka simu mfukoni na kukaa. Hapa hakuna kitufe cha kurudi nyuma, na jukwaa limeshaanza kumwelekeza.