Jenereta Juu, Pampu Chini

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012, kimbunga Sandy kiliposukuma maji ya bahari hadi katika mitaa ya New York, hospitali ya Bellevue ilionekana imejipanga. Majenereta yake yalikuwa ghorofa ya 13, mbali na mafuriko yoyote. Pampu za kuyapandishia mafuta, kumbe, zilikuwa chini ya ardhi. Zikazama.

Wafanyakazi na askari wakajipanga kwenye ngazi wakipokezana mafuta kwa mikono, ghorofa baada ya ghorofa, ili umeme usizimike. Haikutosha. Wagonjwa wakahamishwa, na huduma zote hazikurejea hadi Februari 2013.

Zahanati ya vyumba vinne haina ghorofa ya 13, lakini kosa hilo inaweza kulifanya vilevile. Jenereta iko, je, ufunguo wa stoo ya mafuta uko kwa nani saa nane usiku? Betri ya kuwashia ilijaribiwa lini? Wapo pia wanaoiingiza jenereta ndani wakihofia mvua au wezi, na hilo ni hatari kuliko giza lenyewe: moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, inayoua watu waliolala.

Maji yakishapungua, kazi ya kwanza ni tope. Klorini ikikutana na uchafu huishia kwenye uchafu huo, ikafika kwa vijidudu ikiwa imechoka, hivyo sakafu husafishwa kwanza kwa maji na sabuni ndipo dawa ifuate. Kwa myeyusho wa asilimia 0.5, jiki yenye klorini asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Vidonge vilivyolowa havianikwi juani vikarudishwa kabatini, hata kama stoo imebaki tupu.

Jokofu la chanjo ndilo linalohitaji mtu mtulivu. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na umeme ukikatika mlango haufunguliwi ovyo. Kila anayechungulia anatoa baridi. Chupa nyingi zina alama ya mraba mweupe ndani ya duara jeusi zaidi. Joto huutia mraba giza kidogo kidogo, na ukifikia rangi ya duara, chanjo hiyo haitumiki tena.

Ila alama hiyo haioni baridi. Mhudumu mwenye hofu akizirundikia barafu chanjo za pepopunda au homa ya ini B, zinaganda na kuharibika huku mraba ukibaki mweupe. Mwenye shaka huchukua chupa nyingine ya toleo hilohilo, akaigandisha kwa makusudi na kuiacha iyeyuke, kisha akazitikisa zote mbili na kuziweka mezani. Ile anayoishuku ikituama upesi kama mwenzake, unga chini na maji maangavu juu, inatupwa.